Gimba butu lenye matundu na mkia wake wa hewa

Gimba butu ni kitu ambacho hewa haiwezi kukiambaa hadi mwisho: ubao uliokabili upepo, nguzo, jengo lenye pembe kali. Hewa hubanduka kwenye kingo zake, na nyuma yake hubaki eneo lenye shinikizo dogo na msukosuko. Eneo hilo nitaliita mkia.

Mkia wa gimba lisilo na tundu una mpigo. Kisulisuli hujikunja upande huu kikang'oka, kisha kingine upande wa pili, kwa zamu; msafara huo huitwa kwa jina la Theodore von Kármán, mtaalamu wa mwendo wa hewa. Kwa nguzo ya mviringo, zidisha kasi ya upepo kwa 0.2, kisha gawanya kwa kipenyo. Nguzo ya sentimita 10 katika upepo wa mita 10 kwa sekunde hupata mipigo ipatayo 20 kila sekunde, na hiyo huweza kuitikisa.

Sasa toboa ubao. Ungetarajia mkia uleule, umepungua kidogo tu. La, na hapa ndipo penye uzuri wa jambo hili. Visulisuli huzaliwa kwa sababu matabaka ya hewa ya kingo mbili huvutana. Hewa inayopenya matunduni hukaa katikati yao na kuyatenganisha, hivyo yanachelewa kukutana. Mtafiti Ian Castro alipojaribu mabamba yaliyotobolewa, mwaka 1971, aliona kwamba uwazi, yaani sehemu ya eneo la bamba iliyo matundu, ukikaribia asilimia 20 mkia hubadilika ghafla: visulisuli vya zamu haviutawali tena.

Mkia hupimwa katika handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ambamo hewa hupulizwa kwa kasi inayodhibitiwa. Uzi mwembamba wa chuma hupashwa moto kwa umeme. Hewa ikiupoza, kasi yake husomeka. Siku hizi hutumika pia chembe za moshi zinazomulikwa kwa leza na kupigwa picha mbili mfululizo, ili kuona chembe zimesogea wapi.

Ndege ya kivita ya Marekani, Dauntless, ilitobolewa breki zake za mbawani kwa sababu hiyohiyo: zikiwa nzima, mkia wa hewa uliitetemesha sehemu ya nyuma ya ndege.

Diski yenye matundu hutumiwa pia handakini badala ya rota, yaani mapanga yanayozunguka, ya mtambo wa upepo. Haizunguki, kwa hiyo karibu nayo mkia wake na ule wa rota hutofautiana. Umbali wa vipenyo kadhaa nyuma, hufanana sana.