“Huumwi, ni mawazo tu”: dhana potofu kuhusu maumivu yanayoletwa na msongo

Dhana: Vipimo havijaonyesha kitu, basi huumwi

Hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Mgonjwa ametoka maabara na majibu safi: malaria hakuna, damu inatosha, mkojo hauna shida. Kichwa bado kinagonga, mabega yamekaza, tumbo linasokota. Anaambiwa akapumzike, na nyumbani wanaanza kunong’ona kwamba anadeka.

Mwili ukihisi hatari hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, utumbo hubadili mwendo wake. Hali hiyo ikidumu kwa miezi, mishipa ya fahamu inaweza kuwa nyepesi mno kuhisi, hata jambo dogo mwilini likapokelewa kama maumivu. Hapo hakuna kujifanya. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliotolewa 2013 uliacha kabisa kudai kwamba dalili za namna hii ziwe zimekosa maelezo ya kitabibu. Mtu anaweza kuwa na kisukari kilichothibitishwa na bado akahitaji msaada wa kisaikolojia kwa jinsi dalili zinavyomtesa.

Dhana: Vidonda vya tumbo huletwa na mawazo

Kwetu hii imeota mizizi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha miaka ya 1980 kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, zile tunazojinunulia duka la dawa bila cheti. Bakteria huyo huuawa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Mazungumzo hayamuui.

Lakini wapo wengi walioambiwa wana vidonda na hawajawahi kupimwa kwa kamera. Baadhi yao wakipimwa, kidonda hakipo. Tumbo linawaka kweli, na msongo huzidisha, ila omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, wanayomeza mwaka hadi mwaka haigusi kiini cha tatizo. Kwa watu kama hawa tiba ya kisaikolojia inastahili kujaribiwa. Huko Manchester, Uingereza, mwaka 1984, daktari Peter Whorwell na wenzake waliwatibu kwa hipnosisi, yaani kumwongoza mtu kwa maneno hadi atulie kabisa, wagonjwa sugu wa utumbo, wenye maumivu, gesi na choo kisichotabirika bila kidonda kuonekana. Mgonjwa aliweka mkono tumboni na kuongozwa kuhisi joto likienea. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa mazungumzo ya kawaida na vidonge visivyo na dawa ndani.

Dhana: Tiba ya kisaikolojia ni kukaa na kusimulia shida zako

Ina kazi nyingi kuliko hiyo. Chukua mtu ambaye kifua kinambana, moyo umepimwa na hauna ugonjwa. Kila baada ya dakika chache anajishika mkono kuhesabu mapigo. Anapohesabu hofu inapanda, na hofu inapandisha mapigo, naye anaona amethibitisha anachokiogopa. Mtaalamu humwomba aandike daftarini: saa ngapi, alikuwa na nani, wazo gani lilimjia. Kisha wanapunguza kuhesabu kidogo kidogo, na anarudi kupanda ngazi alizokuwa ameziacha.

Dhana: Lazima umpate bingwa, na bingwa ni ghali

Viungani mwa Nairobi, mpango wa msaada wa kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani, wa vikao vitano, ulijaribiwa kwa zaidi ya wanawake 400, wengi wakiwa wamepitia ukatili. Walioendesha vikao walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo. Walifundisha kupumua taratibu, kutatua tatizo hatua kwa hatua, kurudia shughuli na kutafuta watu wa kuegemea. Matokeo ya 2017 yalionyesha msongo ulipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Dhana: Tiba ya kisaikolojia itamaliza kila kitu

Hapana. Mapitio ya tafiti 21 za tiba hii kwa watu wenye dalili za namna hii, yaliyotolewa 2014, yalikuta nafuu ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Mimi nasema nafuu ndogo kwa mtu aliyeumwa miaka mingi si ya kudharau, mradi asiahidiwe muujiza.

Dhana: Ukianza ushauri nasaha, hospitali basi

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi tii, ukipungua uzito bila sababu, ukishindwa kumeza, au kifua kikibana ghafla na jasho likakutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kikao cha mnasihi kitasubiri.