Vyuo vya kilimo: hakiki kozi na ngazi kabla ya kulipa ada

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, madawati ya udahili hupokea lalamiko lilelile: ada imelipwa, kijana amesoma mwaka mzima, lakini jina lake halimo kwenye mfumo wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Mara nyingi chuo chenyewe kimesajiliwa. Kinachokosekana ni kibali cha kozi ile, au cha ngazi ile.

Haya ni mambo mawili tofauti. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa kufundisha biashara kikaanza kupokea wanafunzi wa kilimo kabla ya kuruhusiwa. Kingine kina kibali cha ngazi ya 4 na ya 5 tu, yaani za cheti, ilhali bango lake linatangaza stashahada, ambayo ni ngazi ya 6. Kwa hiyo andika namba ya usajili wa chuo, jina kamili la kozi na ngazi yake, kisha vitafute vyote vitatu kwenye tovuti ya Baraza na katika mwongozo wa udahili wa mwaka huu. Wa mwaka jana hautoshi.

Kuingia ngazi ya 4 kunahitaji ufaulu wa masomo manne, kuanzia D, na masomo ya dini hayahesabiwi. Hayahesabiwi, hata ukiwa na A. Kozi za kilimo huweka pia masharti ya masomo ya sayansi.

Wapo wanaodhani kilimo ni kimbilio la asiyeweza hesabu. Tazama zoezi moja la kawaida: mwanafunzi anajaza maji bomba la mgongoni, anapulizia eneo la mita 10 kwa 10, kisha anapima yaliyotumika. Yakiwa lita 2, hekta itahitaji lita 200 na ekari takriban 80, sawa na mabomba matano ya lita 16. Hapo ndipo anapogawa dawa. Akikosea, dawa ikizidi inaunguza mazao, ikipungua wadudu wanabaki. Chuo kisicho na shamba la mafunzo hakiwezi kumfundisha hilo, kwa hiyo ombeni kuliona shamba.

Wakazi wa Dar es Salaam wajue kuwa LITA Temeke, kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, ni ya mifugo. Anayetaka mazao ajiandae kwenda mbali kidogo, kwenye vyuo vya kilimo vya serikali (MATI) kama MATI Ilonga, Kilosa, au MATI Mlingano mkoani Tanga. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama cha Kisarawe, hupokea hata waliomaliza darasa la saba na hufundisha stadi kwa vitendo. Ni mafunzo mazuri, ila msiyafuate mkitarajia stashahada.

Ada ya chuo cha serikali hulipwa kwa kontrol namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Ukipewa namba ya simu ya mtu, usilipe.

Kuhusu vyeti: chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi hati kunaweza kukufikisha kwenye kifungo cha miaka 7, na anayewasilisha cheti cha kughushi kwa kujua ana hatia ileile. Kusema “nilitengenezewa na wakala” si utetezi.

Aliyekwisha kulipa chuo kisicho na kibali akusanye risiti zote na barua ya kupokelewa, aandike malalamiko kwa Baraza mara moja, na aombe upya dirisha la udahili likifunguliwa. Mwaka aliosoma pale hautahamishwa.