Msaada wa kisheria: maana yake kwa mpangaji aliyewekewa kufuli

Wengi wakisikia "msaada wa kisheria" wanamwona wakili mwenye joho mbele ya jaji, na papo hapo wanajiambia: hayo si ya kwangu mimi ninayelipa chumba kwa kudunduliza. Matokeo yake wanachelewa. Wanaanza kuulizia wakati vyombo viko uani na godoro limeshanyeshewa.

Kwa Tanzania Bara, maana yake ni pana kuliko hiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaingiza humo elimu ya sheria, taarifa, ushauri, usaidizi na uwakilishi, na anayestahili ni mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Anavipata bila malipo. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya mwaka 1969 iliyohusu kesi za jinai tu, hivyo mpangaji aliyegombana na mwenye nyumba alitegemea huruma ya mashirika. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake mwaka 2018.

Sheria ya 2017 ilimtambua rasmi pia mtu ambaye mimi namwona ndiye wa kwanza kutafutwa: msaidizi wa kisheria. Si wakili. Ni mtu aliyefundishwa sheria za msingi, mara nyingi mkazi wa hukohuko wilayani, anayefanya kazi chini ya shirika lililosajiliwa. Haruhusiwi kukusimamia kesi kama wakili, wala kukutoza ada. Akikudai chochote "cha kuandikia barua", kataa. Ukitaka kujua wako wapi, muulize afisa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako. Shauri likiwa zito na linahitaji wakili, kuna mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), chama cha wanasheria wanawake TAWLA na kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake WLAC, na tangu mwaka 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani.

Niliona kazi ya msaidizi wa kisheria kwenye nyumba niliyopanga. Jirani yangu, mama wa watoto watatu, alirudi kutoka sokoni akakuta kufuli jipya juu ya kufuli lake. Alikuwa anadaiwa kodi ya miezi miwili. Kwa maneno ya mwenye nyumba, mwenye deni hana cha kusema. Msaidizi wa kisheria aliyekuja hakutamka kifungu hata kimoja. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaomba daftari. Lilikuwa daftari la shule la mtoto: kurasa za mbele hesabu, za nyuma kodi, na kila malipo yana saini ya mwenye nyumba. Akauliza ulilipa lini mara ya mwisho, nani alipokea, na je, ulipewa notisi ya maandishi? Notisi haikuwepo. Sheria ya Ardhi inataka notisi kabla ya upangaji kusitishwa, hata kama mpangaji anadaiwa kweli. Barua ya ukurasa mmoja ikaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pande mbili zikaitwa, kufuli likatoka siku ya tatu. Deni likaandikiwa tarehe za kulipwa. Yule mama hakufutiwa hata shilingi, ila watoto walilala ndani.

Ingekuwa upatanisho huo umeshindikana, hatua ya pili ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halihukumu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko uamuzi unatolewa. Mwaka huohuo 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo usiogope kuandika malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe.

Kwenye umeme na maji ndipo watu wanapozunguka bure, nami nimewaona wakipoteza siku nzima kwenye foleni isiyo yao. Swali la kwanza ni hili: aliyekukatia ni nani? Kama ni TANESCO, DAWASA au mamlaka nyingine ya maji, lalamiko linaanza kwao, kwa maandishi, na unabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au usiporidhika, unapanda EWURA, wadhibiti wa huduma hizo kwa Tanzania Bara. Lipo pia baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaloweza kukuelekeza jinsi ya kulalamika.

Lakini kwenye vyumba vya kupanga, mara nyingi aliyekata ni mwenye nyumba. Kachomoa waya wa chumba chako, au kafunga koki ya uani kwa sababu mmegombana. Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, imeandikishwa kwa jina lake na mteja anayetambulika ni yeye, kwa hiyo ukienda TANESCO watakwambia umeme upo, na kweli upo. Huo ni ugomvi wa upangaji, na njia yake ni ileile ya serikali ya mtaa na mabaraza. Hapo ushahidi wako ni mkataba, kama ulitaja umeme na maji ndani ya kodi, au kumbukumbu za michango. Wapangaji wanaochangia Luku moja wapige picha karatasi ya ukutani inayoonyesha nani katoa shilingi ngapi, tena kabla ugomvi haujaanza, maana hiyo ndiyo ya kwanza kuchanwa.

Na ukiikabidhi pesa yako ya kodi mkononi mwa dalali badala ya mwenye nyumba, andikisheni palepale: tarehe, kiasi, miezi inayolipiwa, majina na saini za wote wawili. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe. Jirani yangu yule sasa ana daftari jipya, la kodi peke yake, na analiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya pipa la unga, mahali ambapo hata mvua ya masika haifiki.