Betri ya pili kwenye Hiace: yanayosemwa mitaani na ukweli wake

Tulilala na gari ufukweni Msimbati, friji ndogo, inayolishwa na betri ya pili (ile isiyo ya kuwashia injini), imejaa changu, na usiku ikazima. Kulipokucha samaki walikuwa wameanza kulainika. Fundi mmoja wa Mtwara mjini akaniambia betri imekufa. Nikanunua nyingine. Wiki iliyofuata friji ikazima tena.

Friji ikizima, wengi wetu tunailaumu betri. Mara nyingi mbaya ni waya. Nilipima betri wakati kompresa, ile mashine ya friji inayopoza, inaunguruma, nikapata volti 12.3. Nikapima pale waya unapoingia kwenye friji: 11.3. Volti nzima imeishia njiani! Waya ulikuwa wa milimita 1 ya mraba, mita 6 kwenda na 6 kurudi, na friji ilikuwa inavuta ampea 5. Friji za aina hii zina kinga ya kujizima volti zikishuka, kwa hiyo yangu haikuwa na kosa lolote. Nilipoweka waya wa milimita 6 za mraba, upotevu ukawa chini ya robo ya volti. Ile betri "iliyokufa" inawasha taa zangu hadi leo. Ukienda dukani, angalia shaba iliyo ndani, maana plastiki nene huficha waya mwembamba.

Kuna wanaosema betri ya ampea-saa 100 (yaani ampea moja kwa saa 100) unaitumia zote 100. Kwa betri ya asidi, ile ya kawaida ya gari, ukizoea kuvuka nusu unaifupishia maisha, na ile ya kupigia stata huharibika upesi zaidi kwa sababu bamba zake za risasi za ndani ni nyembamba. Sasa piga hesabu: friji ya ampea 4 ikifanya kazi nusu ya muda inakula ampea-saa 48 kwa siku. Kwa joto letu la Novemba, kompresa hupumzika kidogo kuliko hapo. Yaani siku moja tu, nusu imekwenda. Betri ya lithiamu inavumilia kushushwa zaidi, ila inataka chaja yake.

"Ukiendesha, itajaa yenyewe." Itaingia chaji, ndiyo. Lakini Mtwara hadi Lindi ni mwendo wa saa mbili hivi, na betri ya asidi hupokea sehemu ya mwisho polepole sana, saa nyingi. Anayeishi kwa safari fupifupi betri yake haijai kamwe, na bamba zinaota chumvi ngumu ya salfeti. Hapo paneli ya sola juu ya paa inasaidia kweli, mradi usiegeshe chini ya mkorosho.

Kuziunga betri mbili moja kwa moja nako kunasifiwa kwa urahisi wake. Ukiwasha feni na taa usiku kucha zinashuka zote mbili, asubuhi unatafuta watu wa kusukuma gari mchangani. Weka relei, swichi inayojifungua yenyewe kwa umeme, izitenganishe injini ikizimwa.

Fyuzi je? Wengi huiweka karibu na friji, wakidhani inailinda friji. Kazi yake kubwa ni kulinda waya usiwake moto, kwa hiyo ikae jirani na betri. Waya unaounganisha betri mbili unataka fyuzi kila upande, kwa kuwa umeme unaweza kutoka kokote. Hili silifanyii mzaha, watoto wangu hulala juu ya nyaya hizo.

La mwisho ni asidi. Betri ikipungua maji, utamwona mtu anaongeza asidi "ipate nguvu". Kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, yanatoka kama hewa za haidrojeni na oksijeni. Asidi inabaki ndani. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu, hadi yafunike bamba. Na kwa kuwa haidrojeni inalipuka, sanduku la betri nimelitoboa tundu juu na kulipitishia bomba hadi nje ya gari.