Testi otomatiki za UI, yaani kitu gani hasa?

UI ni ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji anaiona na kuibonyeza. Testi yake otomatiki kwa kifupi ni programu inayotumia programu nyingine kama vile mtu angeitumia. Inafungua brauza, inaenda kwenye ukurasa wa kulogini, inaandika namba ya simu, inaandika paswedi, inabonyeza kitufe cha Ingia halafu inaangalia: tumeingia kwenye akaunti au tumebaki palepale na maandishi mekundu? Hakuna mkono wa mtu hapo, wewe umekaa unakunywa chai zako huku skrini inajiendesha, ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani kompyuta imepandisha mashetani.

Kwanini watu wanahangaika nayo? Chukua tovuti ya kukata tiketi za basi. Kila developa akigusa kitu, hata kitu kidogo tu cha rangi, inabidi mtu apite tena hatua zote kuona kama bado siti inachagulika, malipo yanapita, tiketi inatoka, na afanye hivyo kwenye Chrome, Firefox na Safari. Mara ya kwanza atakagua vizuri, baada ya hapo ataanza kurukaruka, mwisho wa siku anajibu "iko fresh" hata hajafungua. Skripti, yaani ile programu ndogo ya kutesti, haina uvivu huo, saa nane usiku inapiga kazi ileile.

Hii kazi ilipata umaarufu na Selenium, zana ya kuandikia testi hizi. Mwaka 2004 jamaa anaitwa Jason Huggins alikuwa kampuni ya ThoughtWorks pale Chicago, wanatengeneza mfumo wa ndani wa wafanyakazi kujaza masaa na gharama zao, akachoka kurudia kuutesti kwa mkono ndio akaandika kodi ya JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya brauza, ya kumbonyezea. Shida JavaScript ikiwa ndani ya ukurasa inabanwa na ulinzi wa brauza, huwezi kutoka kwenye tovuti moja ukaingilia nyingine hivihivi tu. Baadaye Simon Stewart akaleta WebDriver, yenyewe inaiamrisha brauza moja kwa moja kutokea nje, miradi miwili ikaunganishwa, na 2018 W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, wakaipitisha WebDriver rasmi kuwa kiwango. Siku hizi kuna zana nyingine kama Cypress, na kuna Playwright ya Microsoft iliyotoka 2020, ambayo kwa maoni yangu kama unaanza mradi mpya leo anzia hapo.

Kila testi ya namna hii ina mambo matatu tu, kutafuta kitu kwenye ukurasa, kukifanyia kitendo, kuhakiki matokeo. Kutafuta kuna mtego wake. Ukiiambia skripti "chukua kitufe cha pili kwenye boksi la tatu", siku dizaina akisogeza boksi testi inakufa wakati tovuti ni nzima kabisa. Kitafute kwa maneno ambayo mtumiaji anayaona, au muombe developa akuwekee alama maalum kwenye HTML, yaani kodi inayojenga ukurasa, wengi wanaiita data-testid, hiyo haibadiliki hata ukurasa ukipakwa rangi upya.

Sasa shughuli yenyewe iko kwenye kusubiri. Skripti inabonyeza Lipa, na palepale, hata sekunde haijaisha, inatafuta maneno "Malipo yamepokelewa". Seva bado inahangaika kule, maneno hayapo, testi inasema imefeli. Mtu angesubiri bila hata kufikiria, ila mashine usipoiambia haisubiri. Wanaoanza wanachomeka sekunde 5 za kulala kila sehemu, halafu siku seva imechoka jibu linakuja sekunde ya 6 na testi inaanguka vilevile, na siku seva iko vizuri unapoteza muda bure, maana testi 200 zikilala sekunde 5 kila moja ni zaidi ya dakika 16 za kulala tu. Dawa ni kusubiri kwa sharti: endelea kuchungulia mpaka maneno yatokee, zikipita sekunde 10 bila kitu ndio useme imefeli. Kwenye Selenium unaandika sharti hilo mwenyewe, na isipoambiwa vingine inachungulia kila nusu sekunde. Playwright kabla ya kubonyeza inahakikisha yenyewe kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia, hakijafunikwa na kitu na kinabonyezeka.

Ukizembea hapo unapata testi vigeugeu, leo zinapita, kesho zinafeli, na hakuna aliyegusa kitu. Hata Google mwaka 2016 walisema karibu asilimia 16 ya testi zao zina ugeugeu wa kiwango fulani, na hao ndio Google. Ubaya wake timu inazoea kusema "irudie tu itapita", na siku malipo yameharibika kweli bado mtu anairudia tu.

Na kingine watu hawaambiwi, testi hizi hazina macho. Developa akikosea akaweka maandishi meupe kwenye kitufe cheupe, skripti inayakuta maneno "Lipa" kwenye HTML, inabonyeza, inapita, kijani, wakati abiria mwenye simu mkononi haoni kitufe chochote. Hapo unahitaji testi ya aina nyingine, ya kulinganisha skrinshoti ya leo na ya zamani, nayo ina vituko vyake, maana fonti zikichorwa kwenye Linux hazilingani sawasawa na za Mac na inakupigia kelele kwa vipikseli ambavyo hakuna mtu atakayeviona.