Mdomo Ukianza Kuchonyota: Dawa ya Malengelenge Haingoji Kesho

Wengi hufika dirishani kwangu, kwenye famasia ya hospitali hapa Tanga, wameziba mdomo kwa leso. Leso ikitoka nakuta malengelenge yameshapasuka na kuweka gamba, juu yake pamepakwa dawa ya meno. Ni siku ya nne. Nasikitika kila mara, maana krimu niliyo nayo ilihitajika siku ya kwanza.

Tunasema "homa imetokea mdomoni". Wapo wanaoamini mtu amekojolewa na buibui usingizini. Buibui hahusiki. Homa ndiyo, malaria au mafua huweza kuyaamsha, lakini chanzo ni kirusi cha hepesi aina ya kwanza. Wengi walikipata utotoni kwa kubusiwa, kikajificha kwenye mishipa ya fahamu, na humo hakitoki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 wa chini ya miaka 50 wanacho. Basi mke na mume wasituhumiane kwa ajili ya lengelenge la mdomo.

Kabla halijatokeza, mahali pamoja pa mdomo huchonyota na kuwaka, saa chache au hata siku nzima. Hapo ndipo pa kuanza krimu ya asaiklovia ya asilimia 5: mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Haifanyi maajabu. Malengelenge hupona yenyewe kwa siku 7 hadi 10, na krimu hupunguza kama siku moja tu, tena ikiwahiwa. Kama yanakurudia, iweke nyumbani mapema.

Nyumbani, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi hutuliza. Mafuta ya mgando kidogo, kwa kijiti cha pamba, huzuia gamba lisipasuke. Parasetamoli husaidia maumivu. Chungwa la Muheza na embe mbichi ya pilipili visubiri wiki ijayo. Ndimu, chumvi na spiriti huunguza tu. Unga wa kapsuli za antibayotiki hauui kirusi. Ninachokiogopa zaidi ni zile krimu za mchanganyiko zinazopakwa kila upele: nyingi zina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, na steroidi peke yake humpa kirusi nafasi ya kusambaa.

Jua nalo huyaamsha. Wavuvi wa Deep Sea na Sahare, hapa Tanga, hulipata mara mbili, kutoka juu na kutoka majini, kwa hiyo kofia pana na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua namba 30 ni vifaa vya kazi kama nyavu. Na akina dada wapambaji, rangi moja ya mdomo isipite kwa bibi harusi na wasindikizaji wake wote.

Mwenye malengelenge asimbusu mtoto mchanga, hata akiwa bibi yake aliyesafiri kutoka Pangani kuja kumwona. Kirusi hiki kinaweza kumuua mtoto wa siku chache. Ampakate akiwa amenawa mikono kwa sabuni, mdomo ukae mbali.

Kidonda kikipita wiki mbili, au mgonjwa akiwa na kinga dhaifu, amwone daktari; vidonge huandikwa huko. Jicho likiwa jekundu na kuumia kwenye mwanga, usipake chochote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.