Warushaji wa akiba wa ligi ndogo: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Tangu Pittsburgh Pirates wamsajili David Matoma, kijana wa Uganda mwenye mkono wa kasi, hata mtu wa huku kwetu ana sababu ya kupekua takwimu za ligi ndogo za besiboli ya Marekani, yaani ligi ambako klabu hukuzia wachezaji kabla ya kuwapandisha ligi kuu. Apekue, ila kwa tahadhari. Takwimu za mrushaji wa akiba, yule anayeingia kumrushia mpira mpigaji mchezo ukiwa umefika katikati au ukingoni, hudanganya kuliko za mchezaji mwingine yeyote uwanjani.

Dhana: warushaji wakubwa wa akiba wa kesho ni wale wanaorusha akiba leo kwenye ligi ndogo.

Hii ndiyo inayopotosha wengi. Klabu ikiwa na kijana mwenye mkono mzuri, humpa kazi ya kuanzisha mchezo, kwa sababu huko atarusha raundi nyingi (mchezo una raundi 9) na kujifunza mipira ya aina tatu au nne. Akikwama, ndipo anasogezwa kwenye akiba. Mariano Rivera alipanda New York Yankees mwaka 1995 kama mwanzishaji. Alianza michezo 10 na wastani wa pointi alizoruhusu ukawa 5.51 kwa kila raundi 9, namba za kumrudisha mtu kijijini. Alimaliza kazi yake akiwa ameokoa michezo 652 (maana ya kuokoa iko hapa chini), na mwaka 2019 akawa mtu wa kwanza kuingia Jumba la Heshima, la magwiji wa besiboli, kwa kura zote.

Edwin Díaz naye alianza msimu wa 2016 akiwa mwanzishaji kwenye Double-A, daraja la pili kutoka juu katika ligi ndogo. Seattle Mariners wakamhamishia akiba, na mwezi Juni alikuwa ligi kuu bila hata kupitia Triple-A, daraja la juu kabisa la ligi ndogo. Mwaka 2018 aliokoa michezo 57. Kwa hiyo anayetafuta warushaji wa akiba wa kesho asome kwanza orodha ya waanzishaji, hasa wale wenye mipira miwili mikali na wa tatu usioeleweka.

Dhana: aliyeokoa michezo mingi ndiye bora.

Mrushaji huhesabiwa kuokoa mchezo akiingia timu yake ikiongoza, kwa kawaida kwa pointi zisizozidi tatu, na akaumaliza bila uongozi kupotea. Inategemea kocha amempanga lini. Kwenye ligi ndogo kazi hiyo mara nyingi hupewa mtu mzima ambaye klabu haina mpango naye. Takwimu hiyo ipuuze tu.

Dhana: wastani wa pointi hausemi uongo.

Husema sana. Mrushaji wa akiba hurusha raundi 60 hivi kwa msimu. Akiruhusu pointi 20, wastani wake ni 3.00, akiruhusu 28, ni 4.20. Mmoja anaitwa chipukizi, mwingine anaachwa, na tofauti yao ni pointi nane ambazo zinaweza kutoka katika jioni mbili mbaya. Halafu kuna hili: akiingia akakuta wakimbiaji wawili wa wapinzani kwenye besi (vituo wanavyopitia kabla ya kufunga) na wote wakafunga, pointi zile zinaandikwa kwa aliyemtangulia. Anatabasamu, mwenzake analipa. Tazama badala yake, kati ya wapigaji mia aliokabiliana nao, ni wangapi aliwatoa kwa straiki tatu, bila wao kuupiga mpira uwanjani, na wangapi aliwapa besi ya bure kwa kurusha mipira minne nje ya eneo linalotakiwa.

Dhana: hupanda haraka, kwa hiyo kumchagua mapema ni salama.

Kupanda haraka ni kweli. Kila mwaka klabu huchagua vijana kwa zamu, na mwaka 2003 Cincinnati Reds walimchagua Ryan Wagner katika nafasi ya 14, na Montreal Expos wakamchukua Chad Cordero katika nafasi ya 20. Wote wawili walikuwa wamerusha akiba chuoni, na wote walifika ligi kuu mwaka huohuo. Cordero aliokoa michezo 47 mwaka 2005, kisha bega likamharibikia mwaka 2008 akiwa na miaka 26. Wagner hakuonekana tena ligi kuu baada ya 2007. Mkono wa kurusha kwa nguvu zote haukai miaka mingi, na klabu inayotoa nafasi ya juu kwa mtu wa raundi moja kwa usiku inacheza kamari ambayo binafsi nisingeicheza.

Dhana: bila kasi ya kilomita 150 kwa saa, na akishavuka miaka 25, hana lake.

Kasi inasaidia sana, tusijidanganye. Lakini Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg na mrushaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu, alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011, akapanda na Seattle mwaka 2019 akiwa ameshavuka miaka 25, na msimu wake mzuri akaupata Houston Astros mwaka 2024.

Tyler Rogers ndiye anayenifurahisha zaidi. Hurusha mkono ukiwa karibu kugusa ardhi, mpira ukienda kilomita 133 hivi kwa saa, na katika ligi ndogo hakuwahi kuwa kitu kingine ila mrushaji wa akiba. San Francisco Giants walimchagua mwaka 2013, wakamweka Triple-A msimu baada ya msimu huku wapigaji wakihangaika naye, na wakamwita Agosti 2019 akiwa na miaka 28. Pacha wake, Taylor, mwenye mrusho wa kawaida na aliyelelewa kama mwanzishaji, alikuwa amefika ligi kuu miaka mitatu kabla yake. Naye pia akaishia kuwa mrushaji wa akiba.